MAJINA YA WAZEE WETU: Somo Juu ya Kuandika Habari za Ukoo kwa Kushirikiana



Mwaka jana vijana wawili wa parokia yetu walitaka kufunga ndoa. Tangazo la kwanza likasomwa Jumapili, na kabla Padre hajafika tangazo lingine, bibi mmoja mzee akasimama kwa fimbo yake, akasema kwamba hao wawili ni watoto wa litawa moja, wala hawawezi kuoana. Kanisa zima likanyamaza.

Kijana ni wa upande wetu huku. Wazazi wa mama yake binti walivuka mto Ruvuma kutoka Msumbiji wakati wa vita vya ukombozi vya 1964 hadi 1974, wakakaa. Yule bibi alikuwa amesikia jina la bibi mkuu wa binti, nalo lilikuwa lile lile la bibi mkuu wa kijana. Je, ni mtu mmoja au ni watu wawili? Wazee ambao wangeweza kujibu wameshalala. Ni kweli kwamba Kanisa linakataza ndoa ya ndugu wa karibu tu, lakini mila yetu inakataza litawa zima, na Padre hakutaka kufungisha ndoa huku ukoo unalia nje ya mlango. Akaahirisha matangazo. Familia mbili zilizokuwa zikigawana chumvi zikaacha kusalimiana, na binti hakuonekana kanisani majuma matatu.

Kwa kuwa nilifundisha shule miaka mingi, na kwa kuwa watu hudhani mwalimu mstaafu hana kazi, Padre aliniomba nisaidie kutafuta. Tulipata jibu, nami nitalieleza mbele. Lakini kazi hiyo ilinifundisha mambo ambayo nadhani yanatufaa sote, maana siku hizi vijana wetu wanaandika habari za koo zao katika simu na katika intaneti, pamoja na ndugu walio mbali. Kazi hiyo ni njema, lakini ina taratibu zake na adabu zake. Basi somo letu la leo ni hilo.

1. NENO LA MUNGU LATUFUNDISHA NINI?

Kwanza, fungueni Mathayo sura ya 1. Watu wengi wanairuka sura hiyo kwa sababu ni majina matupu. Lakini angalieni vema. Katika orodha ya wanaume, Mathayo anawataja pia wanawake wa kale: Tamari, Rahabu, Ruthu, na yule aliyekuwa mke wa Uria. Rahabu alikuwa kahaba wa Yeriko. Ruthu alikuwa mgeni, Mmoabu, aliyemfuata mama mkwe wake katika nchi isiyo yake. Mwinjili angeweza kuwaficha asilete maneno, lakini hakufanya hivyo. Aliwaandika katika ukoo wa Bwana wetu.

Pili, fungueni Ezra 2, mistari ya 61 hadi 63, na Nehemia 7. Watu walipotoka uhamishoni Babeli kurudi kwao, walihesabiwa kwa koo zao. Wako makuhani waliotafuta maandiko ya nasaba yao wasiyaone, nao wakaondolewa katika ukuhani. Mmoja wao alikuwa wa uzao wa mtu aliyeoa binti wa Barzilai, akaitwa kwa jina la wakwe zake. Mnaona? Mtu amebadili jina, vita vimepita, watu wamehamishwa, maandiko hayaonekani, na wajukuu wanaumia. Mambo ya Ezra si ya mbali na mambo ya Mtwara.

Tatu, Mtume Paulo anamwonya Timotheo katika waraka wa kwanza, sura ya 1, asiwaache watu wafuate hadithi na nasaba zisizo na mwisho, zenye kuleta maswali tu. Na katika Tito 3 anaonya tena juu ya magombano ya nasaba. Yaani tusitafute majina ya wazee ili tujivune, au tumdharau jirani, au tudai shamba. Tunatafuta ili tuwakumbuke watu wetu mbele za Mungu, na ili watoto wajue walikotoka.

2. KUMBUKUMBU ZETU ZIMELALA WAPI?

Ziko katika vichwa vya wazee kwanza. Mzee mmoja akifa, na ile orodha ya mama zake aliyokuwa akiihesabu kwa vidole imekwenda naye. Hakuna ofisi itakayoirudisha.

Kisha ziko katika madaftari ya kanisa: daftari la ubatizo, la kipaimara, la ndoa na la mazishi. Babu zetu wengi hawakusajiliwa na serikali walipozaliwa, lakini walipobatizwa waliandikwa: siku, jina jipya, jina la zamani, wazazi, wadhamini, kijiji. Kwa familia nyingi za huku, mstari mmoja katika daftari la ubatizo ndio maandishi pekee yanayoonyesha kwamba mtu fulani aliishi.

Kuna na maandishi ya mbali. Misheni yetu ya UMCA ilianza kwa wito wa David Livingstone wa mwaka 1857. Mwaka 1864 ilihamia Zanzibar, ikapokea watoto waliokombolewa kutoka majahazi ya watumwa. Mwaka 1876 Askofu Edward Steere aliwaleta watu waliowekwa huru, wake kwa waume, zaidi ya hamsini, wakashukia Lindi, wakapanda bara, wakakaa Masasi. Hao ndio walioanza Kanisa katika nchi yetu ya kusini. Dayosisi ya Masasi ilizaliwa mwaka 1926; kabla ya hapo tulikuwa chini ya Askofu wa Zanzibar. Kwa hiyo anayetafuta habari za kabla ya 1926 asishangae akiambiwa kwamba karatasi ziko Zanzibar. Baadhi ya karatasi za misheni zimehifadhiwa katika Nyaraka za Taifa pale Kilimani. Nyingine ziko Uingereza. Mwaka 1965 UMCA iliungana na shirika la SPG likazaliwa shirika la USPG, na nyaraka zake sasa zimewekwa katika maktaba ya Bodleian, mjini Oxford.

Tusitegemee kukuta kila kitu. Masasi ilishambuliwa na Wagwangwara mwaka 1882, ikaharibiwa tena mwaka 1905 wakati wa Majimaji. Yaliyobaki baada ya moto, mvua imeyapata mengine, na mchwa amemaliza mengine. Ndiyo maana yaliyopo ni mali.

3. KUSHIRIKIANA, ZAMANI NA SASA

Sote tumekaa katika matanga. Jioni mzee mmoja anaanza kueleza ukoo wa marehemu: fulani alizaliwa na fulani, akahamia mahali fulani. Mara mama mmoja upande wa pili anasema, la, huyo hakuwa dada yake, alikuwa binti wa mama yake mdogo. Mwingine anaongeza jina la kijiji. Usiku unapoisha, habari ambayo hakuna mmoja aliyekuwa nayo yote imekamilika. Huko ndiko kushirikiana, nasi hatukufundishwa na mtu wa nje.

Babu zetu wa misheni walifanya hivyo kwa kalamu. Tangu mwaka 1888 shule ya Kiungani, Zanzibar, ilitoa gazeti la Kiswahili lililoitwa Msimulizi, na ndani yake walimu Waafrika waliandika habari za vituo vyao. Mwaka mmoja kabla, 1887, A. C. Madan alichapisha London kitabu kiitwacho Kiungani, ambamo wanafunzi walieleza wenyewe jinsi walivyotekwa, walivyouzwa, na walivyookolewa. Vitabu vya zamani vya misheni, kama historia ya UMCA ya mwaka 1897, siku hizi vinasomwa bure katika maktaba ya mtandao iitwayo Internet Archive.

Sasa intaneti imewezesha matanga hayo yafanyike hata kama mmoja yuko Mtwara, mwingine Dar es Salaam, wa tatu Pemba ya Msumbiji, na wa nne Ulaya. Nitaeleza njia tatu.

Njia ya kwanza ni kundi la ukoo katika WhatsApp, ambalo wengi mnalo tayari. Faida yake ni kwamba hata mzee asiyejua kuandika anaweza kusema, na sauti yake ikahifadhiwa. Hasara yake ni kwamba habari inazama chini ya salamu na michango ya harusi. Baada ya mwezi hakuna anayeiona tena.

Njia ya pili ni miti ya ukoo ya pamoja, kama FamilySearch na WikiTree, ambayo haina malipo. Katika miti hiyo kila mtu aliyekufa hutakiwa awe na ukurasa mmoja tu, si kila mjukuu kumwandikia wake. Mjukuu wa Newala akiandika mwaka wa ubatizo, na mjukuu wa Tanga akiandika mahali pa kuzikwa, yote yanaingia ukurasa ule ule. Kosa linaweza kusahihishwa, na kila badiliko huandikwa ni nani aliyelifanya, hata likawezekana kurudishwa. Watu walio hai hawaonyeshwi hadharani. Tena FamilySearch imetuma watu vijijini katika nchi kadhaa za Afrika, zikiwemo Ghana na Nigeria, kuwarekodi wazee wakihesabu nasaba zao kwa kinywa.

Hapa nisiwafiche jambo moja. FamilySearch ni mali ya Kanisa la Yesu Kristo la Watakatifu wa Siku za Mwisho, la Marekani, ambalo waumini wake huwafanyia wafu ubatizo. Sisi hatuna fundisho hilo. Kuitumia mashine yao hakukufanyi kuwa mfuasi wao, lakini mtu azuri ajue yuko katika nyumba ya nani, kisha aamue kwa dhamiri yake.

Njia ya tatu ni ile iitwayo Dictionary of African Christian Biography, yaani kamusi ya maisha ya Wakristo wa Afrika. Kazi hiyo ilianzishwa mwaka 1995, na sasa iko chini ya Chuo Kikuu cha Boston, Marekani. Waandishi wake hawalipwi. Ni wachungaji, walimu na wanafunzi wanaoandika habari za watu wa makanisa yao, wakieleza wamezipata wapi. Humo utamkuta Padre Cecil Majaliwa, aliyelelewa na misheni Zanzibar baada ya kutolewa utumwani, akafanya kazi Chitangali, na mwaka 1890 akawa padre Mwafrika wa kwanza wa UMCA. Lakini makatekista wetu wangapi, na mama zetu wangapi waliofundisha unyago wa Kikristo, hawamo? Hawamo kwa sababu sisi hatujawaandika.

4. HATUA ZA KUFUATA

(a) Anza na wewe mwenyewe, kisha wazazi, kisha babu na bibi. Usianze na mtu mashuhuri wa zamani ukijaribu kushuka mpaka kwako. Anayefanya hivyo hufika anakotaka kufika, si kwenye kweli.

(b) Nenda kwa mzee ukiwa na muda na kijisukari. Usimshike kama polisi. Muulize kwanza mahali: mlikaa wapi, mlilima wapi, kisima kilikuwa upande gani? Mahali huamsha majina. Omba ruhusa kabla ya kurekodi sauti yake.

(c) Andika upande wa mama. Fomu za miti hii zilitengenezwa na watu wanaofuata jina la baba. Lakini kwetu Wamakonde, Wamakua na Wayao, ukoo umefuata mama, na mjomba ndiye aliyekuwa na neno. Kwa hiyo usiridhike na jina la baba na babu. Andika mama, mama yake mama, na kaka zake. Katika nafasi ya maelezo taja litawa kwa Wamakonde, au nihimo kwa Wamakua. Ukiacha hilo, mti wako utakuwa na matawi na hauna shina.

(d) Andika majina yote ya mtu mmoja. Wazee wetu walikuwa na jina la utoto, jina la baada ya jando au unyago, jina la ubatizo, na pengine jina la kazi. Asiyejua hilo huwafanya watu wanne kutoka kwa mtu mmoja.

(e) Kumbuka mto. Kionga, kusini ya mdomo wa Ruvuma, ilishikwa na Wajerumani mwaka 1894, Wareno wakaichukua mwaka 1916, na mkataba wa 1919 ukawaachia. Watu hawakuhama, mpaka ndio uliohama. Kwa hiyo ndugu mmoja ameandikwa kwa tahajia yetu, na mwingine kwa tahajia ya Kireno. Kionga yetu huandikwa Quionga kwao. Ruvuma ni Rovuma. Yohana ni João. Petro ni Pedro. Tafuta kwa tahajia zote mbili.

(f) Pima miaka kwa matukio. Mzee akisema hajui mwaka, muulize kama mtoto alikuwa amezaliwa wakati wa Majimaji (1905 hadi 1907). Wakati Wareno walipoingia Newala wakafukuzwa (1916). Wakati wa mradi wa karanga (1947 hadi 1951). Wakati wa kimbunga cha Aprili 1952. Wakati wa Uhuru (1961). Wakati wa kuhamia vijiji vya ujamaa (miaka ya 1970). Au Msumbiji ilipopata uhuru (Juni 1975). Kisha andika "karibu na mwaka fulani". Usiweke tarehe kamili ya kubuni.

(g) Kwa kila jambo andika umelipata wapi: kwa kinywa cha nani, siku gani, au katika daftari gani, ukurasa gani. Tena kumbukeni hili: kosa moja likinakiliwa na watu kumi halijawa ushahidi kumi, bali ni kosa lile lile lenye sauti kubwa.

(h) Weka nakala kwenye karatasi. Simu huanguka majini, nywila husahauliwa, na kampuni hufungwa. Daftari la kurasa mia lililoandikwa kwa wino na kuwekwa katika sanduku la bati bado ni chombo kizuri.

5. ADABU, NA KOSA LANGU MWENYEWE

Sasa naungama jambo. Nilipokuwa nikiandika habari za ukoo wangu, niliandika katika kundi letu, mbele ya ndugu arobaini na zaidi, kwamba bibi mzaa mama wa mama yangu aliletwa pwani akiwa mtoto mdogo, mateka, akaingizwa katika ukoo wetu. Wazee walilijua jambo hilo na hawakulisema. Mimi niliona nimevumbua historia. Kabla ya jua kuchwa, kijana mmoja alikuwa ameuliza kama uzao wake una haki katika mikorosho ya ukoo.

Usiku ule mama mdogo wangu, mwenye miaka zaidi ya themanini, alinipigia simu. Hakufoka. Alisema tu, "Mwalimu, umenivua nguo mbele ya wajukuu zangu." Kisha akakata.

Nilifuta maneno yangu, lakini yaliyokwisha kusomwa hayafutiki. Asubuhi nilipanda basi kwenda kwake. Nilipiga magoti mlangoni, naye aliniacha pale muda, kama ilivyonistahili. Halafu akaniambia niingie ninywe uji. Nilimwambia kwamba sikukusudia aibu, na kwamba Kanisa letu la kusini liliwekwa msingi na watu wa namna ile ile, waliotekwa, wakauzwa, wakawekwa huru, wakaja Masasi mwaka 1876. Alinisikiliza. Akasema, "Hayo uliyajua, kwa nini hukuanza nayo?"

Sikuwa na jibu. Alasiri, bila kuulizwa, alinipa jina la kwanza la bibi yake, lile alilopewa na mama yake kabla ya kutekwa, ambalo halimo katika daftari lolote. Akasema, "Andika, lakini unisomee kwanza." Nikaandika, nikamsomea, akasahihisha mara mbili. Yale mambo ya mikorosho mjomba wetu aliyamaliza kwa neno moja: aliyezaliwa na binti wa ukoo ni wa ukoo. Jina lile silitaji hapa, maana ni lao.

Basi kwa kosa hilo nawapa kanuni nne.

Kwanza, habari si yako peke yako kwa sababu umeiandika wewe. Ikimgusa aliye hai, umwulize yeye kwanza.

Pili, watu walio hai wasiwekwe hadharani: tarehe zao za kuzaliwa, namba za simu, picha za watoto, mambo ya ugonjwa au ya mtoto wa nje ya ndoa. Nchi yetu ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, lakini hata kama isingekuwapo, amri ya kumpenda jirani ipo.

Tatu, usimwamini kila anayekupigia simu akisema ni ndugu mliyepoteana, au kwamba kuna urithi, mradi utume fedha kidogo. Ndugu wa kweli hukubali kuulizwa jina la mama wa mama yake.

Nne, ukikuta mwingine ameandika kosa, mwandikie kwa upole ukimwonyesha ushahidi. Usifute kwanza na kueleza baadaye. Katika matanga hatumkatizi mzee kwa kumziba kinywa.

6. TWAWEZA KUFANYA NINI KATIKA PAROKIA YETU?

Napendekeza mbele ya Padre na Baraza la Parokia mambo matatu. La kwanza, madaftari ya zamani yatolewe sakafuni, yawekwe juu, pakavu, mbali na ukuta wenye mchwa. La pili, vijana wawili wenye mwandiko mzuri, pamoja na mtu mzima mmoja, wakae kila Jumamosi kuyanakili, na nakala moja ipelekwe ofisi ya Dayosisi. Yasiwekwe katika intaneti bila idhini ya Askofu, kwa sababu ndani yake kuna habari za watu walio hai. La tatu, kabla ya Siku ya Wafu Wote, tarehe 2 Novemba, kila familia ilete orodha ya wafu wake mpaka kizazi cha nne, majina yote, nayo yasomwe madhabahuni. Hivyo kazi yetu itaanza na sala, na watoto watayasikia majina hayo yakitamkwa.

Na wale vijana wawili? Tulilifungua daftari la zamani la ubatizo, ambalo pembe zake zimeliwa. Tulimkuta bibi mkuu wa kijana: jina lake la zamani, jina la mama yake, na kijiji chake. Mjomba wa binti, aliyeko Msumbiji, alimpigia simu dada yake mkubwa anayekumbuka, naye akatutumia sauti yake akihesabu mama zake mmoja mmoja, mpaka wa sita. Tukaweka orodha mbili mezani, wazee wa pande zote mbili wakiwapo. Jina lilikuwa moja, lakini mama walikuwa wawili, vijiji viwili, matawa mawili. Yule bibi mwenye fimbo aliomba sauti ile irudiwe. Alipoisikia mara ya pili alisema, "Nimeridhika. Waoane." Matangazo yakaanza upya, na yeye ndiye aliyekaa mbele siku ya harusi.

Hakukosea kusimama. Alikuwa akilinda kitu. Lakini tungalikuwa tumeandika mapema, binti yule asingalilia majuma matatu.

MASWALI YA KUZUNGUMZA KATIKA VIKUNDI

1. Je, waweza kutaja majina ya bibi zako wakuu wote wanne? Ni nani katika ukoo wako awezaye kukusaidia leo, na utamwendea lini?

2. Someni Hesabu 27, habari za binti za Selofehadi. Waliogopa nini kuhusu jina la baba yao? Kwetu, ni majina ya nani yanayopotea upesi zaidi?

3. Mathayo aliwataja Rahabu na Ruthu. Je, kuna watu katika koo zetu ambao hatuwataji kwa sababu ya aibu? Tufanyeje ili kweli isemwe bila kumjeruhi aliye hai?

4. Ni mambo gani ya ukoo yafaa kuandikwa hadharani, na yapi yabaki katika daftari la nyumbani?

Bwana wetu, ambaye Mathayo na Luka waliandika nasaba yake, atusaidie kuwakumbuka wazee wetu kwa heshima, na kuwaachia watoto wetu habari za kweli. Amina.

Ni mimi mwalimu wenu mstaafu.